Damu ya Choya

Katika miaka yangu ya kazi nimeua mabwana harusi wanne, wenyeviti wa vijiji nisiowakumbuka idadi, na mama mkwe mmoja ambaye tulimuua mara tatu kwa sababu jua lilikuwa linaingia kwenye kamera. Wote wapo hai, isipokuwa mwenyekiti mmoja aliyekufa kwa presha akiwa amekaa kwake, na hilo halinihusu. Kazi yangu ilikuwa damu. Hapa Sumbawanga watoto wakiniona sokoni huniita Mama Damu, na wageni wanaolisikia jina hilo kabla ya kuambiwa kazi yangu huvuka barabara.

Ninyi mnaobaki kwenye kikundi mliniomba, siku mliponiaga kwa kitenge na chupa ya chai, niwaandikie namna ya kupika damu, kuibeba na kuua watu bila kuwaumiza. Nitaandika. Kuna jambo jingine ambalo hamkuliomba ninyi, ameliomba mtu mwingine siku hiyohiyo, nalo nitalifikia kwa zamu yake. Mambo ya vyeo msiyatafute humu. Cheo changu kilikuwa kilekile toka siku ya kwanza: mtu wa ndoo.

Nilianza kama fundi cherehani, kwenye baraza la duka pale Katandala. Mwalimu Deo alikuwa anafundisha shule ya msingi, na jioni anaongoza kikundi cha maigizo ambacho baadaye kilianza kurekodi filamu kwa kamera ya kukodi. Siku moja akaniletea shati jeupe.

"Dada Fausta, nishonee mfuko kwa ndani, hapa kifuani."

"Wa kuweka nini, Mwalimu?"

"Damu."

"Ya nani?"

"Yangu. Jumamosi nachomwa kisu saa nne asubuhi. Ukichelewa nitachomwa bila damu, watu watanicheka."

Nikamshonea, na kwa kiherehere changu nikamwambia damu nitaleta mwenyewe. Sikujua kitu. Nilikwenda machinjioni nikaleta damu ya ng'ombe kwenye kidumu. Ilipofika saa nne ilikuwa imeganda, ikabidi niivunjevunje kwa mwiko. Mwalimu akachomwa, akaanguka, damu ikatoka kwa mabonge, na mbwa wote wa Katandala wakaitika. Bwana aliyemchoma alipanda juu ya paa la choo na kisu chake cha mbao mkononi. Mwalimu alibaki chini, mbwa mmoja anamlamba sikio, na hakutikisa hata kope mpaka mwenye kamera aliposema basi. Nilipokuwa namwosha uso nikamwuliza aliwezaje. Akasema maiti ana kazi moja tu, na hiyo moja watu wengi huishindwa.

Huyo ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa dharau kidogo na mwenye kujipenda, lakini kufa alikuwa anajua. Alinifundisha kwamba mtu anayechomwa kisu haangalii kisu, anamwangalia aliyemchoma. Alinifundisha kwamba damu nyingi inachekesha na damu kidogo inatisha, na kwamba kabla ya kumwaga ndoo lazima uamue unataka ipi. Nimeona watu waliosoma haya chuoni miaka mitatu na bado wanamwaga tu.

Sasa damu yenyewe. Chukua choya kavu, lile ua jekundu la kutengenezea juisi, zuri ni la Muze kwa sababu kule bondeni linaiva kwa joto. Chemsha, chuja, weka sukari, kisha unga wa muhogo uliokorogwa na maji baridi mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Kijiko cha kahawa kwa damu ya jana, bila kahawa kwa damu ya leo. Onja. Mwigizaji ataimeza tu, hata umkataze vipi, kwa hiyo iwe kitu cha kumezwa. Hatari yake ni nyuki. Tuliwahi kulaza maiti sita shambani, karibu na alizeti iliyochanua, na sikufikiri. Nyuki walipofika, marehemu wote waliondoka kwa pamoja, na mpaka leo hicho ndicho kipande cha filamu ninachokipenda zaidi katika vyote nilivyofanya.

Vya kubebea damu vilinipa taabu zaidi. Mwanzo nilitumia vibofu vya mbuzi, akiniletea Masunga, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Muze na ng'ombe zake, ambaye baadaye tukamfanya mwigizaji kwa sababu alikuwa haachi kuongea. Baadaye vifuko vya plastiki. Vifuko vilipopigwa marufuku nikashauriwa na kijana mmoja nitumie kondomu, na alisema kweli, zinapasuka pale unapotaka. Nilikwenda duka la dawa nikaomba arobaini. Mimi mjane, mtu mzima, mama wa jumuiya. Nyuma yangu alikuwa amesimama katekista. Nilimweleza kwa kirefu kwamba ni za kazi, na ndipo mambo yakaharibika kabisa.

Sasa niseme kuhusu wachawi. Mji wetu una jina nchini kote, na kila mtu mwenye kamera anayepanda huku kutoka Dar huuliza nyungo zinaruka kutokea upande gani. Hawaulizi mahindi wala maharage wala ulezi. Tuliwachekea, tukawabebea vifaa, na mwisho na sisi tukaona uchawi ndio unaouzika, tukautengeneza wenyewe. Filamu yetu ya kwanza kuuzika mpaka nje ya mkoa ilikuwa ya mchawi. Mwalimu Deo ndiye aliyekuwa mchawi, na mimi ndiye niliyemvika.

Mwalimu alikuwa na mdogo wake, Leonsi, seremala mpole, ambaye aliwahi kuanguka kutoka juu ya lori na tangu hapo akawa anaburuta mguu wa kushoto. Koti lake la kahawia lilikuwa kwangu kushonwa kiwiko, nikatia kiraka cha bluu. Mchawi wetu hakuwa na koti. Nikampa Mwalimu lile, bila kumwuliza mwenyewe, nikijiambia nitalifua na kulirudisha Jumatatu. Mwalimu alipolivaa tu, mguu wake wa kushoto ukaanza kuburuta. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Alikuwa amemtoa ndugu yake mzimamzima.

Filamu ikaonyeshwa kwenye mabanda ya video mji mzima. Wiki ya pili Leonsi alipita sokoni na koti lake, watoto wakakimbia. Wiki ya tatu waliokimbia walikuwa watu wazima. Kisha mawe yakaanza kuanguka juu ya bati lake. Mtu wa Sumbawanga akiitwa mchawi huko Dar, huo ni utani. Akiitwa mchawi hapahapa Sumbawanga, anahama. Leonsi alifunga randa na misumeno yake, akashuka Muze, akawa mkulima wa mpunga. Mwalimu alisema, "Atazoea." Hawakusemeshana tena. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa na aibu, na kwa sababu hakuna aliyeniuliza koti lilitoka wapi.

Miaka ikapita hivyo. Nikaja kupata kazi yangu ya mwisho, ambayo wengi wenu mlikuwapo. Shaffi, mtoto wa familia ya malori pale mjini, alirudi kutoka chuoni Dar na kamera yake mwenyewe na hadithi aliyoiita *Mashine ya Marehemu*. Mzee anakufa, anaacha mashine ya kusaga, na warithi kumi na wawili wanauana mmoja mmoja mpaka anabaki mbuzi. Ilikuwa komedi. Shaffi alitueleza kila siku kwamba ilikuwa komedi, nadhani kwa sababu alikuwa na wasiwasi. Lakini watu alipata wazuri: kiongozi wa kwaya, muuza mitumba, mama lishe wawili, Masunga, na Mwalimu Deo, ambaye sasa alikuwa mstaafu mjane anayeishi peke yake kijijini Mollo, ndiye marehemu mwenyewe. Mzee alipigwa shoka la kichwa katika dakika ya tano.

Msiba wake tuliurekodia nyumbani kwake kulekule Mollo, kwani nyumba ilikuwa bure. Mimi ndiye niliyepanga msiba, na hapo ndipo ufundi wangu uliponiponza. Sikutaka msiba wa filamu, ule wa watu watano wanaolia kwa zamu. Nilisimika turubai, nikaomba mabenchi, nikawasha gogo uani. Nikawaambia wanawake walie Kifipa, kilio cha kwao, wasinililie Kiswahili cha redioni. Njia panda nikafunga kitambaa chekundu kwenye kijiti, kama inavyofanywa. Kitambaa kilikuwa kipya mno, kinang'aa, kinaonekana cha uongo. Kwa hiyo nilikifunga siku moja kabla, kipigwe vumbi.

Fikirini mtu wa makamo yangu, mzaliwa wa Ufipa, anasimika alama ya msiba njia panda mchana mzima na jioni yake, halafu anakwenda kulala. Nilikuwa nafikiria vumbi tu.

Asubuhi tulikuwa na waombolezaji ishirini wa kikundi. Saa tatu nilipohesabu walikuwa kama hamsini, na wengine walikuwa wamebeba unga kichwani. Saa nne wanaume wa Mollo walikuwa wamezunguka gogo, wamevua kofia, na akina mama nisiowajua walikuwa wanapepeta maharage kwenye ungo. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kasiani, alikuwa ameshapanga zamu za kuteka maji. Mtasema mbona hawakuona kamera. Waliiona. Siku hizi msiba usio na kamera ndio unaotiliwa mashaka.

Nikamfuata Shaffi. "Mwanangu, hawa si wetu. Hawa wamekuja kumzika Mwalimu."

"Mama, tulia. Unaona sura hizo? Hao huwapati kwa hela."

"Tuwaambie."

"Tukimaliza tutawaambia. Usiniharibie."

Nilipaswa kupanda juu ya benchi nikapiga kelele. Lakini kilio kilikuwa kizuri, Mungu anisamehe. Kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kukiandaa, nikataka kukisikia mpaka mwisho.

Mwalimu alikuwa ndani ya jeneza sebuleni, pamba puani, anapumua kwa kona ya mdomo. Kichwani alikuwa na jeraha langu la shoka, na damu yake mbichi. Nilikuwa nimebishana na Shaffi tangu jana yake. Nani anaweka maiti kwenye jeneza bila kuiosha? Akanijibu kwamba mtazamaji anataka damu, na kwamba ni komedi, mama. Basi majirani wa kweli walikuwa wanapita kutoa heshima za mwisho, wanaiona maiti na damu yake, wanatoka nje wakinong'ona kwamba watu wa mjini hawana adabu, hata maji hawakummwagia. Masunga, aliyejitangaza mtani wa Wafipa wote bila kuonyesha hati, alisimama kichwani pa jeneza akimsimanga marehemu kama ilivyoandikwa: "Mwalimu, umekufa na chaki zetu mfukoni! Nani atatuchapa sasa?" Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nilikuwa naliangalia tumbo la Mwalimu. Halikupanda wala kushuka.

Ndipo bodaboda ikasimama njiani, akashuka mzee mwenye kifurushi cha mchele begani. Alipopiga hatua ya kwanza nilimjua kwa mguu wa kushoto.

Habari ilikuwa imemfikia Leonsi Muze tangu jioni, kwa simu, kutoka kwa mtu aliyepita njia panda akaona kitambaa. Alikuwa ameupanda ule mlima kwa pikipiki tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu wa Mollo walimpisha, na baadhi walimpisha zaidi ya inavyohitajika kwa adabu. Nilisikia mama mmoja akisema, "Si ndiye yule wa kwenye video?" Shaffi hakumjua. Aliona tu mzee mwenye uso wa kilio, akaisogeza kamera.

Leonsi aliweka mchele chini, akasimama mbele ya jeneza. Alilia kwanza, kilio kifupi cha mtu asiyezoea. Kisha akanyoosha mkono akagusa jeraha la kaka yake, na nikaona mkono umeganda hapohapo. Kichwa kilikuwa na joto. Akatazama vidole vyake, akavinusa. Mtu huyu alikuwa analima choya pembeni mwa mpunga wake. Nadhani lile nililochemsha siku ile lilitoka karibu na kwake. Akanyanyua macho, akazunguka chumba taratibu mpaka akanipata na ndoo yangu nyuma ya mlango. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Akamgeukia kaka yake, akaongea kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu mtu kuongea na maiti wake ni haki yake.

"Kaka, leo hutanikatiza. Ulichukua mguu wangu ukauchezea watu wakacheka. Sawa, mguu ni wangu, nimesamehe. Lakini uliniachia jina, na jina hilo limekaa na watoto wangu mezani. Mke wangu amezikwa na watu saba. Saba, kaka. Na wewe huku wamekujazia kiwanja." Akafuta pua kwa kiganja. "Sasa inuka. Inuka uwaambie hawa watu mimi ni nani."

Mwalimu Deo alikuwa amelambwa na mbwa, amepandwa na siafu, amenyeshewa na mvua ya mawe pale Katandala, na hakuwahi kutikisika kabla ya kuambiwa. Siku hiyo alishindwa. Machozi yalianza kumtoka kwenye kona za macho, yakachora mistari kwenye damu yangu, kisha akakaa ndani ya jeneza, pamba puani, akasema, "Leonsi, mdogo wangu, nisamehe."

Naomba mwelewe alichokiona mtu wa Mollo. Maiti mwenye jeraha la shoka kichwani amelala tangu asubuhi. Anaingia yule mtu ambaye mji mzima unajua ni mchawi, kwani wamemwona kwa macho yao kwenye video. Anampaka maiti kitu kwa vidole, anasema inuka. Maiti anainuka.

Sebule ile ina mlango mmoja na madirisha mawili, na vyote vitatu vilitumika. Kiongozi wa kwaya, ambaye alikuwa mwigizaji wetu na amesoma hadithi yote mpaka kwenye mbuzi, alipita dirishani na pazia lake. Masunga naye alikimbia, ingawa yeye ndiye aliyebeba jeneza kutoka kwa fundi. Alikutwa barabara kuu akitafuta gari la Muze. Benchi zikaanguka, unga ukamwagika, na katikati ya yote Shaffi anapiga kelele, "Endeleeni! Msizime! Hiyo ndiyo komedi!"

Komedi iliisha haraka. Vijana waliokimbia walisimama nje ya ua, wakahesabiana, wakapata ujasiri, na wakaanza kuokota mawe. "Ni yule wa koti! Amemwambia inuka, ameinuka! Mtoeni nje!" Leonsi alikuwa amesimama mlangoni na vidole vyekundu. Mwalimu alikuwa anajaribu kumkinga, lakini aliyefufuka hana neno mbele ya watu. Kila alipofungua mdomo walirudi nyuma hatua mbili na kuongeza mawe.

Nilibeba ndoo, nikatoka mpaka katikati ya kiwanja, nikachota kikombe kizima, nikanywa. Nikachota cha pili, nikanywa. Midomo myekundu, kidevu chekundu, nikamfuata Mzee Kasiani pale alipokuwa amejificha nyuma ya turubai na kumpa cha tatu.

"Onja, Balozi. Ni choya. Nimepika mimi. Mwalimu hakufa, tunacheza filamu. Huyu Leonsi hakumfufua mtu yeyote, alikuja kulia tu kama ninyi."

Balozi alikitazama kikombe kwa muda ambao nauhesabu kuwa mrefu kuliko wote maishani mwangu. Akalamba kidogo, akafikiri, akasema, "Sukari imezidi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili. Watoto wakaja na vikombe. Mawe yalianza kudondoka moja moja, wenyewe wakijifanya walikuwa wanayachunguza tu. Hapo matusi yalinigeukia mimi na Shaffi, na tuliyastahili yote. Shaffi akataka kurudishia watu unga wao, Balozi akamkatalia. Msiba uliopokea unga wa watu hauishi kwa mwenye kamera kusema kata, alisema. Chakula kipo motoni, kitaliwa, kila mtu atakaa. Na Mwalimu akasimama mbele ya gogo, bado na nguo za jeneza, akasema mbele ya wote: koti lilikuwa la mdogo wangu, uchawi ulikuwa wa kuigiza, na mimi ndiye mwoga niliyemwacha ahame. Watu walisikiliza. Leonsi alikuwa amekaa mwisho wa benchi.

"Umechelewa, kaka," akasema. "Lakini maharage nitakula."

Kabla ya kupakua alinijia kwenye jiko la mawe, kwenye sufuria kubwa nilikokuwa nakoroga.

"Dada Fausta. Ile mashine ya picha imeninasa?"

"Imekunasa."

"Nikimwambia inuka?"

"Na yeye akiinuka."

Akatikisa kichwa. "Waliopo hapa wamekunywa, wamejua. Watakaoiona Dar na Mbeya na huko kwingine, utawapa kikombe wote?"

Nikamfuata Shaffi nikamwomba kipande kile akitoe. Alinisikiliza kwa upole, kwani ni mtoto aliyelelewa, kisha akasema, "Mama, hicho ndicho kitakachotutoa. Maisha yako yote hujawahi kurekodi kitu kama kile." Na ilikuwa kweli. Akaweka kamera juu ya stuli, akaenda kunawa mikono.

Basi jambo la mwisho ni hili. *Mashine ya Marehemu* ilitoka bila ule msiba, mnajua, kwa sababu kadi ya kamera ilipotea mchana ule. Mliulizana ninyi kwa ninyi, mkapekuana mifuko, mkatuhumu hata mbuzi. Shaffi, mwenye shahada yake, alitafuta siku mbili halafu akakumbuka kwamba mzee yule aliitazama kamera moja kwa moja. Tangu hapo anaisimulia kila mahali, redioni na kwenye simu zenu: mchawi wa Sumbawanga aliifuta kadi kwa jicho. Watu wanaipenda kuliko filamu yenyewe. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Nilijiambia ni porojo, zitaisha. Nilikuwa naogopa kufukuzwa miezi michache kabla ya kuagwa, na kwa uoga huo mdogo nilimwacha mtu abebe mzigo wangu kwa mara ya pili. Mwezi uliopita kibanda cha mpunga cha Leonsi kilichomwa moto.

Siku mliponiaga, wakati mnacheza muziki, Masunga alinivuta pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutania.

"Mzee Leonsi anakusalimu sana. Anasema siku ile alikuona kwenye sufuria, ukikoroga maharage bila mwiko. Alinyamaza usije ukafukuzwa kazi." Akatazama chini. "Anasema, sasa umestaafu."

Kadi niliichomoa mimi, Fausta, mchana kweupe, nikaitumbukiza kwenye maharage yanayochemka, na jioni tulikula wote. Hakuna jicho lililoifuta. Isomeni barua hii kwa sauti kwenye kikao, mbele ya kila mtu, na msiruke sehemu. Jumapili nashuka Muze, na baada ya misa nitasimama niyaseme haya kwa mdomo wangu. Shaffi, njoo na kamera.